Mrija Mdomoni

Mimi ni mwongozaji wa watalii, upande wa ndege. Naanza na hilo kwa sababu tangu nianze kazi sijawahi kukaa na mtu kwa dakika tano bila kumwambia. Nafanya kazi kwenye ziwa la Nakuru. Nawaonyesha wageni ndege, nawatajia majina yao, na wageni wakikosea nawarekebisha. Hilo la mwisho halimo kwenye mkataba wangu, lakini ndilo ninalolifanya kwa moyo wangu wote.

Tunaishi Lanet, nje kidogo ya mji, mimi na mke wangu, tangu watoto waondoke kwenda kujitafutia maisha yao. Dirisha letu la jikoni linatazama ua wa kayaba, na ndege wanaupenda ua huo kwa kuwa miiba yake inawazuia paka. Mke wangu anauza samaki sokoni mjini: ngege, mbuta, na omena za kupimwa kwa mkebe. Alikulia kando ya lile ziwa kubwa la magharibi, na anaweza kumparua ngege huku akikusimulia habari za jirani bila kutazama kisu.

Zamani, tulipokuwa wapya katika ndoa, alikuwa akiniita jikoni karibu kila asubuhi. "Baba, kuja uone kandege hapa." Nami nilikuwa nakuja na kikombe changu mkononi, nikisimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Kandege si jina, nilimwambia. Mdomo wake ukoje, mfupi au mrefu? Miguu je? Mkia anautikisa au anautuliza? Siku moja aliniambia ameona tai juu ya mlingoti wa stima. Alikuwa mwewe. Nilimweleza tofauti ya tai na mwewe tangu ugali ulipoepuliwa mpaka ulipoganda, na nakumbuka niliridhika sana na maelezo yangu.

Siku aliyoacha kuniita sikuigundua. Mtu hagundui ukimya, hasa mtu anayependa sauti yake mwenyewe. Niligundua miaka mingi baadaye, asubuhi moja nikinywa chai. Nilimwona amesimama dirishani, anatazama kitu nje, anatabasamu peke yake. Kisha akageuka akaendelea kuosha vikombe.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema.

Ile hakuna ilinichoma. Nilielewa kwamba pale dirishani kulikuwa na mambo mengi yakiendelea, asubuhi baada ya asubuhi, na mimi sikuwa naambiwa tena. Mume anayejua majina ya ndege wote wa bonde hili alikuwa mtu wa mwisho kuambiwa kwamba kuna ndege dirishani. Nilitaka arudi kuniambia. Sikujua nimwombeje, kwa sababu kuomba kulihitaji nikiri kosa, na sikuwa na mazoezi.

Dawa niliyoipata ilitoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa akisafiri kurudi kwao na mizigo iliyozidi uzito. Wenzangu huachiwa darubini. Mimi niliachiwa miwani miwili ya kutazamia chini ya maji, mirija miwili ya kuvutia pumzi, na kadi ya plastiki yenye picha za samaki wa kwenye matumbawe. Zawadi ya baharini, katika mji ambao bahari yake ni picha ya kalenda. Nilizipeleka nyumbani nikiwa na wazo. Samaki ni wake, nilijiambia. Nikimpeleka Pwani, akiwatazama samaki kwa macho yake, atazungumza tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Nitaenda," akasema. "Lakini tuelewane. Mimi nimeenda kupumzika. Ukinirekebisha hata mara moja, mimi na hayo maji basi. Nitakaa kwa mchanga na soda yangu, wewe uendelee na masomo."

Nikaapa. Niliapa upesi, kama anayeapa kuacha kitu ambacho hajui kama anacho.

Halafu, badala ya kupumzika, nikaanza kusoma. Nililala na ile kadi chini ya mto. Nilimkariri kila samaki, na rangi zake na madoa yake, kwa majina ya Kiingereza yaliyoandikwa chini ya picha. Nilijipa mtihani, nikajisahihishia, nikajipongeza. Tatizo lililobaki lilikuwa maji yenyewe. Watu wengi wa huku hatuogelei, na tusichekwe. Ziwa letu ni la magadi, la Naivasha lina viboko, kwa hiyo hofu yetu ya maji ni hofu ya watu wenye akili. Nilijaza beseni kubwa la kufulia, nikalitua kwenye sakafu ya jikoni, nikapiga magoti, nikavaa miwani, nikauma mrija na kuzamisha uso.

Nilikuwa katika hali hiyo, matako juu, nikipumua kwa kishindo, wakati jirani yetu aliyetoka Kuresoi alipoingia na ndoo ya viazi aliyomletea mke wangu. Chini ya maji sauti husikika, ila kwa mbali.

"Mathe, huyu mzee ako sawa?"

"Ako sawa. Anafundishwa kuogelea na beseni."

"Na beseni inasema aje?"

"Inasema ajaribu tena mwaka ujao."

Sikuinua uso mpaka nilipohakikisha ameondoka. Pumzi zilitosha, mafunzo yalikuwa yamefaulu.

Tulifika Pwani na kupanga chumba karibu na ufuo. Asubuhi ya kwanza, maji yakiwa yamepwa, nahodha mmoja wa makamo alituchukua kwenye mashua yake ya injini mpaka kwenye miamba. Alikuwa mtu mpole, asiyesema sana, tabia ambayo siku hiyo niliiona kama upungufu. Mimi nilivaa jaketi la kuelea, nikalifunga kamba zote, nikamwomba anifunge na zile ambazo sikuzifikia. Mke wangu alivaa tishati na suruali ya kubana, akashika miwani yake usoni kwa mkono mmoja, akajiachilia majini bila kelele. Akaelea kama jerikeni tupu. Sikuwa nimewahi kumwona akiogelea. Tumeoana miaka mingi, na hilo halikuwahi kunijia akilini kuuliza.

Nami nikateremka, ngazi kwa ngazi, nikimwita Mungu kwa majina yake yote. Nikazamisha uso.

Siwezi kusema uongo: nilisahau kuogopa. Chini yangu kulikuwa na mji mzima, na wakazi wake walikuwa na shughuli zao, hakuna aliyeshughulika nami. Samaki bapa wa manjano mwenye utepe mweusi machoni alipita mbele ya pua yangu, na nilimtambua palepale kutoka kwenye kadi. Nikafanya kile ninachokifanya kazini kila siku. Nilinyoosha kidole na kumtaja kwa sauti.

Mrija ukatoka na Bahari ya Hindi ikaingia. Niliona nyota mchana. Nahodha alinishika kwa mkanda wa jaketi, mgongoni, jinsi mtu anavyomshika mbuzi asiyetaka kupanda gari, akaninyanyua mpaka nikashika ukingo wa mashua. Nilikohoa kwa muda. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Mzee wangu," akasema, "humu hakusemwi."

Nikarudi, nikanyamaza, na nikatazama. Nilimwona kitatange, ambaye ndiye yule wa manjano, na changu, na mkunga aliyetoa kichwa kwenye tundu lake akifungua na kufunga mdomo kama anayetafuta neno. Niliona samaki mkubwa wa buluu na kijani akiyang'ata mawe. Niliona mwingine wa rangi ya udongo wenye wekundu, na mwingine mdogo wa kijivu mwenye mistari. Wote niliwahesabu kwa vidole, na nilipopanda mashuani jambo la kwanza lilikuwa kuitoa daftari yangu kwenye mfuko wa nailoni.

Mke wangu akapanda nyuma yangu. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na alikuwa anacheka. Kisha likatokea lile nililokuwa nimesafiri kutoka Nakuru kulitafuta. Alianza kuzungumza.

"Umeona hiyo ya blue? Ilikuwa inatafuna mawe, nimeisikia kabisa, kru, kru. Nikasema hii meno si mchezo. Halafu nikaona ile ya brown, na ile ndogo ya mistari, nikasema, ai, si hii ni ile ile? Meno ni yale yale. Ni familia moja hii, imevaa nguo tofauti."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, kweli, mama, endelea. Nilikuwa na neno hilo ulimini. Lakini nilikuwa pia na daftari, na kwenye daftari nilikuwa tayari nimeandika moja, mbili, tatu.

"Hapana," nikasema. "Hao ni aina tatu. Angalia rangi."

Kicheko kikamwisha usoni taratibu. Akachukua taulo, akajifuta. "Sawa," akasema.

Ningeweza kuishia pale. Lakini mdomo uliponza kichwa, na wangu hauchoki. Nikamgeukia nahodha, nikijua nitaungwa mkono. "Nahodha, hebu mwambie."

Nahodha akautazama mtambo wa mashua yake kama anayetamani uwake wenyewe. "Mama kasema kweli," akasema hatimaye. "Huyo mdogo wa mistari ni mtoto. Wa rangi ya udongo ni jike. Na jike akikua huweza kugeuka dume, akavaa buluu. Wote hao ni pono. Ukimtaka pono, bwana, tazama mdomo. Usitazame nguo."

Nilikaa na jambo hilo kwa muda, maana lilikuwa na ngazi nyingi za aibu na ilinibidi niziteremke zote. Kwanza, pono. Tangu shule ya msingi nimeandika kwenye kila insha kwamba fulani alilala usingizi wa pono. Mwalimu alinipa alama kwa ajili yake. Sikuwahi kujiuliza pono ni nani, na sasa nilikuwa nimemwona ana kwa ana, macho makavu, nikamwandika mara tatu kwa makosa.

Pili, na hii ndiyo iliyouma, ni kwamba kazini kwangu nina hotuba. Wageni wakiona flamingo wachanga, wale wa kijivu, huandika kwamba ni ndege mwingine. Mgeni mmoja mwenye kofia nyeupe aliwahi kubishana nami juu ya hilo, nikamfanya kichekesho mbele ya gari zima. Rangi hudanganya, niliwaambia nikiwa nimeinua kidole, mdomo haudanganyi. Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba dereva wetu huimalizia. Mke wangu hajawahi kuisikia hotuba hiyo. Ameshika samaki maisha yake yote, ametazama mdomo, amepata jibu. Mimi nimesomesha mdomo maisha yangu yote, nikatazama nguo. Nyani haoni kundule.

Tukarudi ufuoni. Nilikuwa nimeivunja ahadi yangu, tena nikiwa nimekosea, ambayo ni njia ya kipekee ya kuvunja ahadi.

Kesho yake mke wangu alifanya kama alivyosema. Alikaa kwenye mchanga, miguu ameinyoosha, soda pembeni. Nilimwomba. Nikamwomba tena. Akasema, bila hasira, "Enda tu. Mimi niko sawa hapa." Ingekuwa afadhali angekasirika.

Basi nikaenda peke yangu na nahodha. Siku hiyo kadi niliiacha chumbani. Nilielea juu ya miamba nikiwa nimejaa majuto na jaketi, na ndipo nikaona jambo ambalo mpaka leo nikifumba macho linarudi. Chewa mkubwa alikuwa ametulia kando ya jiwe, mdomo wazi kabisa, na visamaki viwili vyembamba vya buluu vilikuwa vikiingia ndani ya mdomo ule na kutoka kupitia matamvua, vikimsafisha meno. Chewa angefunga mdomo mara moja tu, navyo vingekuwa kifungua kinywa. Hakufunga. Alingoja, mnyenyekevu, mpaka vikamaliza.

Nikageuza kichwa kumwonyesha mke wangu, na palikuwa na maji tu.

Nilimhimiza nahodha anirudishe. Nilikimbia kwenye mchanga na mapezi ya mpira niliyoazimwa na nahodha bado miguuni, nikianguka na kuinuka, kama bata aliyepokea habari njema. Nikafika mbele yake nikitweta.

"Mama, nimeona samaki mmoja mkubwa, amefungua mdomo hivi, na vingine vidogo vinaingia ndani, vinamsafisha meno, vinatoka..."

Akaweka soda chini. "Samaki gani?"

"Samaki tu, mkubwa."

"Samaki si jina. Magamba yake ni makubwa ama madogo? Mkia umekatwa ama umezunguka? Ukimparua unaanza wapi?" Sauti yake ilikuwa tulivu, na niliifahamu vizuri, kwa sababu ilikuwa yangu. "Na hivyo vidogo vilikuwa ngapi kamili? Ama hukuhesabu?"

Furaha niliyokuwa nimeibeba tangu kwenye miamba ilinitoka kama upepo kwenye gurudumu. Nilitaka tu kumwambia nilichokiona. Sasa sikutaka tena.

"Umeona nini?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Tukatazamana. Sikuwa nimepanga kulitamka neno hilo, lilitoka lenyewe, na nilipolisikia nikajua lilikotoka. Nilikaa chini kwenye mchanga, mapezi yakiwa yameelekea juu.

"Umeonja?" akaniuliza.

"Nimeonja."

"Ni tamu?"

Nikamwambia pole. Nilimwambia pole ya tai na pole ya mwewe, na ya ugali uliopoa, na ya asubuhi zote ambazo aliona kitu akanyamaza. Nilisema nilikuwa nimekosa mambo mengi pale dirishani na nilikuwa nayaonea wivu. Nililia kidogo, na kwa kuwa nilikuwa bado nimevaa miwani kwenye paji la uso, nadhani sikuonekana mtu wa heshima. Alimalizia soda yake yote kwanza, kwa raha, nami nilikubali kwamba ana haki hiyo. Kisha akasimama akajipangusa mchanga.

"Twende kabla maji haijajaa," akasema. "Nataka kuona huyo wa kusafishwa meno."

Yule chewa tulimkuta palepale. Safari hii alinishika mkono, akawa ananivuta kule anakotaka, akinionyesha kwa kidole, nami nikitikisa kichwa. Alinionyesha mengine ambayo singeyaona kamwe, kwa sababu hayakuwemo kwenye kadi: kisamaki kilichojificha nyuma ya mwenzake, kingine kilichokuwa kinagombana na kaa juu ya shimo. Mara mbili nilijua jina la kitu. Mara mbili jina lilinifika kooni likakutana na mrija, likarudi.

Tulipoinua vichwa kupumzika, aliutoa mrija wake mdomoni akatazama nilivyokuwa nimeuma wangu, mashavu yamejaa.

"Unajua," akasema, "huku chini sikusikii kabisa. Nimepapenda sana."

Nahodha alicheka peke yake kule mashuani mpaka mashua ikayumba.

Tulirudi Lanet. Nikarudi kazini, nikaikata hotuba yangu ya flamingo nusu, na dereva akauliza kama ninaumwa. Mrija wangu mke wangu aliutundika jikoni, kwenye msumari, kati ya mwiko na chujio la chai. Hakusema ni wa nini, wala mimi sikuuliza.

Siku kadhaa zilipita. Nilikuwa nakunywa chai yangu nimekiinamia kikombe, najizuia kutazama dirishani, kwa maana nilijua nikitazama kwanza nitaharibu. Kisha asubuhi moja, mikono yake ikiwa kwenye povu, akasema bila kugeuka:

"Baba, kuja uone kandege hapa."

Maswali yote yalisimama kwa pamoja kooni mwangu, kama wanafunzi anapoingia mkuu wa shule. Mdomo ukoje. Miguu je. Nikanyoosha mkono, nikautoa mrija kwenye msumari, nikauma.

Aligeuka akaniona. Alicheka mpaka akaketi kwenye kibao, povu likimdondokea magotini, na alipomaliza kucheka yule ndege alikuwa ameshaondoka. Sikumwona hata unyoya. Kwa hiyo ilibidi anieleze. Alichukua muda wake, alirudia sehemu alizozipenda, na mimi nilikaa pale nikipumua kwa mrija katikati ya jiko, umbali mrefu kutoka bahari yoyote, nikiwa na furaha ambayo sijui niiandikeje.

Jioni yake niliandika kwenye daftari, kama alivyosema yeye: Kandege kadogo. Tumbo ya njano. Kana wasiwasi, kama mtu amesahau sufuria kwa moto.

Kwenye nafasi ya jina sikuandika kitu. Jina nalijua. Sijamwambia hadi leo, na Mungu peke yake ndiye ajuaye ninavyoumia.